Kiti Kwenye Tundu la Tisa

Mama Kalamu alikuwa mtu wa kukaa. Hakuwa mvivu, la hasha! Kazi yake ndiyo ilikuwa ya kukaa. Alisahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa. Kila wiki aliletewa bahasha nene ya kurasa, naye akazisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. Herufi ikikosekana, anaiweka. Jibu la hesabu likikosewa, analikata. Ndiyo maana majirani walimwita Mama Kalamu. Asubuhi yuko mezani, mchana yuko mezani, jioni anainuka ameshika kiuno.

Mumewe naye alikuwa wa kukaa. Alikuwa fundi saa. Kutwa alikuwa kwenye kibanda chake, kioo kwenye jicho moja, mgongo umepinda juu ya saa za watu. Alikuwa mrefu, mlangoni lazima ainame. Mkewe alikuwa mfupi, wa kufika kifuani kwake tu. Wakipita pamoja, watu walitania, "Fundi, leo umetoka na mkeo au umemsahau mfukoni?" Naye fundi anajipapasa mfukoni kama mtu anayetafuta. Walipendana wale watu wawili, hilo kila mtu alilijua.

Siku moja fundi saa alikwenda kliniki kwa kichwa kilichokuwa kikimgonga. Wakampima. Presha ilikuwa juu sana. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Akaambiwa pia apunguze chumvi na auzoeze mwili kujongea.

Wiki ile ile alirudi nyumbani na mzigo wa ajabu. Ofisi moja ilikuwa imefungwa, ikawa inauza vitu vyake. Fundi alikuwa amenunua baiskeli ya mazoezi. Haikuwa na magurudumu. Ilikuwa na kiti na pedali, na mbele, mahali pa usukani, palikuwa na meza ndogo ya kuwekea vitabu au kompyuta.

"Sasa hiki nini?" mkewe aliuliza.

"Baiskeli."

"Baiskeli gani haina magurudumu?"

"Ya watu wasio na safari, kama mimi na wewe," alijibu fundi. "Unakaa hapa, unasoma kurasa zako, huku miguu inafanya kazi. Na mimi jioni nasoma gazeti langu hapo. Ni yetu sote wawili."

"Mimi? Nipande hilo dude? Ebo! Nitapanda kesho."

Kesho yake hakupanda. Ila alikuwa akiosha vyombo, mumewe akamjia kwa nyuma na futi ya kupimia. Akapiga goti, akampima kuanzia nyonga mpaka sakafuni.

"We mzee! Unanipimia jeneza?"

"Tulia, mwanamke," fundi alisema huku anacheka. "Nina shughuli yangu."

Basi, Mama Kalamu akaendelea na vyombo vyake. Hakuuliza tena alikuwa anapimiwa nini.

Fundi saa aliipenda ile baiskeli. Kila jioni alipanda nusu saa, gazeti mezani, magoti yake marefu yakipanda na kushuka. Baada ya mwezi mmoja alikuwa amechangamka. Alilala vizuri, kichwa kikaacha kumgonga.

Lakini Mama Kalamu aliona kitu. Alikuwa anapanga kabati, akaona vidonge vya presha havipungui. Pakiti ilikuwa vile vile kama wiki mbili nyuma. Alitaka kuuliza. Usiku ule mumewe akasema mezani, "Presha? Presha nimeiacha nyuma, haiwezi kunikimbiza na baiskeli yangu!" Wakacheka wote. Alikuwa na furaha sana, na mkewe hakutaka kuiharibu furaha ile. Mtu asiyeruhusu hata herufi moja ipite, hiyo aliiacha ipite.

Haukupita muda. Siku moja mchana fundi saa alianguka kibandani kwake, saa ya mteja ikiwa bado mkononi. Kiharusi, walisema hospitalini. Presha ilikuwa imepanda na kupasua mshipa kichwani. Hakuzinduka tena.

Sina haja ya kueleza kilio cha nyumba ile. Aliyefiwa anakijua.

*

Matanga yaliisha, watu wakarudi makwao. Mama Kalamu akarudi mezani kwake, maana kurasa hazingoji. Sasa alikaa kuliko zamani. Zamani mumewe alikuwa akimwita, "Njoo uone mvua," naye akainuka. Sasa nani amwite? Miguu ilianza kuvimba, na jioni viatu vilimkataa.

Binti yake alimpeleka kliniki. Binti huyo alikuwa fundi umeme, mrefu kama baba yake, mwenye maneno machache. Daktari alimpima mama, akasoma karatasi, akavua miwani.

"Mama, sukari yako inapanda. Bado hujawa mgonjwa wa kisukari, lakini umeshafika mlangoni, umebakiza kubisha hodi tu. Mwili wako unataka kujongea. Rudi baada ya miezi mitatu tuupime tena."

Njiani binti alisema, "Mama, utakuwa unatembea jioni."

"Na kurasa atasoma nani?"

"Basi ile baiskeli..." Binti akajikatiza. Halafu akasema kwa sauti nzito, "Hapana. Ile naitaka itoke ndani ya nyumba. Ile ndiyo iliyomdanganya baba."

Lakini asubuhi iliyofuata Mama Kalamu aliifuta vumbi ile baiskeli, akaweka kurasa kwenye meza yake, akapanda.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi. Bomba la kiti lilikuwa na matundu kumi yenye namba, na pini ya kuzuia kiti kisishuke. Mumewe alikuwa amekiweka kiti kwenye tundu la tisa. Pale ndipo urefu wake ulipofika. Mama Kalamu alilazimika kukanyaga kigoda kwanza. Akiwa juu, pedali ikishuka, aliifikia kwa ncha ya vidole tu. Ilimbidi ajisukume huku na huku, nyonga ya kulia, nyonga ya kushoto.

Kukishusha kiti? Hakutaka hata kulisikia wazo hilo. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshagawiwa. Kibanda kilikuwa kimeshachukuliwa na fundi mwingine. Kitu pekee ndani ya nyumba kilichobaki na kipimo cha mume wake kilikuwa kile kiti. Akikitazama, alimwona amekaa.

Basi akapiga pedali hivyo hivyo. Na kwa kuwa aliogopa sukari, alipiga kwa fujo. Saa nzima bila kushuka, ugumu wa pedali ameuweka juu. Wiki ya kwanza kiuno kilimuuma. Wiki ya pili goti la kulia likavimba, na vidole vya miguu vikawa vinakufa ganzi. Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kwa wachapishaji: "Mama, katika kitabu cha hesabu umepitisha saba mara nane ni hamsini na nne. Kulikoni?" Miaka ishirini hajapitisha kosa la namna hiyo! Alikaa kitandani na barua ile akalia. Aliona aibu, na alimkumbuka mumewe, na goti lilimuuma, yote kwa pamoja.

Akachukua shuka, akaifunika baiskeli. Akajisemea, "Basi. Nimeshindwa. Kama ni kisukari, na kije."

*

Siku mbili baadaye mlango uligongwa.

"Hodi!"

"Karibu."

Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, dada wa makamo aliyefanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwenye miguu yao, waliovunjika na waliopooza. Watu walimwita Dada Viungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini, bomba linavuja kwako tena?"

"Hapana. Nimekuja kwa sababu ya kimya," alisema Dada Viungo. "Siku mbili siisikii baiskeli."

Mama Kalamu aliona haya. "Kumbe inasikika huko chini! Nisamehe, mwanangu. Nimekusumbua."

"Hujanisumbua hata kidogo. Ila mama, niseme ukweli? Baiskeli yako inachechemea. Inalia kri... kriiii. Kri... kriiii. Upande mmoja mfupi, upande mmoja mrefu. Nilikuwa nikisikia, nasema, huyu aliye juu anajivuta kiuno. Baba alipokuwa akipanda ilikuwa inalia sawa sawa, kri-kri, kri-kri. Kila jioni nilikuwa napika huku naisikiliza sauti ile."

Mama Kalamu aliketi polepole. Hakujua kama kuna mtu mwingine aliyekuwa akimsikiliza mumewe. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Dada Viungo alimwacha alie. Hakusema "nyamaza". Baada ya muda akauliza, "Naweza kuitazama?"

Wakaondoa shuka. Dada Viungo akahesabu matundu ya kiti, akamtazama mwenye kiti, akashika kiuno.

"Tisa! Mama yangu, unapanda baiskeli au unapanda mnazi?"

Mama Kalamu alicheka bila kutaka, katikati ya machozi. "Ni ya marehemu hiyo. Ndivyo alivyoiacha."

"Najua. Lakini inakuumiza. Goti linauma kwa nyuma, kweli si kweli?"

"Kweli."

"Na vidole vinakufa ganzi."

"Wewe umejuaje?"

"Kiti kikiwa juu sana, mguu unajinyoosha mpaka mwisho na kiuno kinayumba. Kikiwa chini sana, goti linajikunja mno na kuuma kwa mbele. Kipimo ni rahisi. Simama kando ya baiskeli. Kiti kiwe sawa na mfupa wa nyonga yako. Ndiyo maana mtu anapimwa kuanzia nyonga mpaka sakafuni. Halafu ukikaa, pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu."

Mama Kalamu alikuwa ameacha kusikiliza. "Umesema anapimwaje?"

"Kuanzia nyonga mpaka sakafuni."

Mama Kalamu alikumbuka maji ya vyombo, futi ya kupimia, na kichwa cha mumewe kimeinama miguuni pake. Unanipimia jeneza? Hayo ndiyo aliyomwambia.

"Tukishushe?" aliuliza Dada Viungo taratibu.

"Nikikishusha," alisema Mama Kalamu, "nani atajua tena alikuwa mrefu kiasi gani?"

Dada Viungo alisema, "Mimi siwezi kukulazimisha, mama. Lakini kwa tisa huwezi kuendelea. Na binti yako aliniambia daktari amekupa miezi mitatu."

Mama Kalamu alikishika kiti kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Nisaidie kuigeuza. Pini iko upande wa ukutani."

Waliigeuza. Upande ule ulikuwa na vumbi na mafuta. Dada Viungo akachukua kitambaa akafuta bomba, tundu moja baada ya jingine, apate kusoma namba. Alipofika kwenye nne, akasimama.

"Hapa pana rangi. Nani amepaka?"

Mama Kalamu aliinama. Kando ya tundu la nne palikuwa na alama ndogo ya kijani. Aliijua rangi ile. Ilikuwa rangi ambayo mumewe alikuwa akiitumia kupaka mishale ya saa, kwa brashi yenye nywele tatu. Hakuna mtu mwingine mwenye rangi ile katika nyumba nzima.

"Ngoja kwanza," alisema Dada Viungo. "Simama hapa, mama." Akamsimamisha kando ya baiskeli, akavuta pini, akashusha kiti mpaka tundu la nne, akairudisha pini. Kiti kikakaa sawasawa na nyonga ya Mama Kalamu.

"Alikupimia," alisema Dada Viungo.

"Alinipimia," alisema Mama Kalamu. "Akaningoja. Nami nikamwambia kesho."

Akamwegemea jirani yake begani, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

*

Alipotulia, alisema lile lililokuwa likimla.

"Mwanangu, niambie kweli. Baiskeli ndiyo iliyomuua?"

"Hapana. Mazoezi yalimsaidia, ndiyo maana alijisikia vizuri. Tatizo ni dawa. Watu wakijisikia vizuri huziacha. Naye aliacha, siyo?"

"Aliacha. Alidhani mazoezi yanatosha. Nami niliona, pakiti haipungui. Niliona, nikanyamaza."

Dada Viungo alishika mkono wake. "Siwezi kukwambia hukuona, mama. Lakini hukujua hatari yake. Wengi hawajui. Presha haina kelele. Mtu anajisikia mzima kabisa, kumbe iko juu. Mazoezi na dawa vinasaidiana, kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Huenda mazoezi yakamfanya mtu apunguziwe vidonge, ndiyo. Lakini anayepunguza ni daktari, baada ya kupima. Si mgonjwa kwa kujisikia."

"Laiti ningekuuliza."

"Laiti," alisema Dada Viungo.

Halafu akampandisha juu ya kiti. Safari hii hapakuwa na haja ya kigoda. Miguu yote miwili ilikaa juu ya pedali, nyayo nzima. Akamwonyesha mengine. Meza iwe sawa na viwiko, mabega yasipande masikioni. Kurasa ziinuliwe kwa kitabu kinene, shingo isipinde. Ugumu aushushe mpaka pedali zizunguke kwa ulaini.

"Na usipige saa nzima. Anza dakika kumi. Shuka, tembea, kunywa maji. Baadaye rudi dakika kumi nyingine. Ukizoea, unaongeza kidogo kidogo."

"Nitajuaje kama nimezidisha?"

"Ukiwa unapiga, uweze kuongea na mtu, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama, usijikaze, uende hospitali. Na hilo goti, lipumzishe siku chache mpaka uvimbe uishe."

"Na kurasa zangu? Nilipitisha hamsini na nne."

"Soma tu, ukiwa juu. Ukifika wakati wa kalamu nyekundu, shuka ukakae mezani."

Mama Kalamu akamtazama. "Wewe ungekuwa mwalimu."

"Ningeshindwa hesabu," alisema Dada Viungo. "Hata mimi hiyo hamsini na nne ningeipitisha."

*

Mama Kalamu alifuata. Dakika kumi zikawa kumi na tano, mara tatu kwa siku. Wali akaupunguza sahanini, mboga akaiongeza. Goti likaacha kuuma. Uvimbe wa miguu ukapungua, viatu vikakubali. Kuna siku alipanda akicheka, na siku alipanda akilia, maana kila akikaa kwenye tundu la nne alikumbuka nani aliyempimia. Alilia huku miguu ikizunguka. Huko chini Dada Viungo alisikia kri-kri, kri-kri.

Miezi mitatu ilipofika, daktari alisoma karatasi, akavua miwani tena.

"Mama, umerudi nyuma kutoka mlangoni. Endelea hivyo hivyo."

Jumamosi iliyofuata binti yake alikuja asubuhi, bado amevaa mkanda wake wa bisibisi. Mama akamweleza habari yote, ya futi ya kupimia na ya rangi ya kijani. Binti aliinama akaitazama alama ile, akaigusa kwa kidole. Halafu akauliza, "Naweza kukaa?"

"Kaa."

Binti alivuta pini. Akapandisha kiti taratibu, tano, sita, saba, nane. Kwenye tisa akaacha. Akapanda. Miguu yake ilizifikia pedali bila shida yoyote. Magoti yake marefu yakaanza kupanda na kushuka.

Mama Kalamu alikuwa jikoni, kikombe mkononi. Aliisikia ile sauti. Alisimama pale, hakuweza kugeuka, maana alijua akigeuka atamwona nani. Alisimama akaisikiliza mpaka chai ikapoa.

Ndipo swali likamjia. Aligeuka.

"Umeshawahi kupima presha?"

"Mimi? Mimi mzima, mama."

"Baba yako naye alikuwa mzima."

Binti aliendelea kupiga pedali, macho chini. "Nitakwenda, mama. Nitakwenda kesho."

Mama Kalamu aliweka kikombe mezani. Hii hakuiacha ipite.

"Si kesho. Kliniki inafungwa saa sita. Shuka, uvae viatu."

Binti alimtazama mama yake, akaona machozi, akashuka bila kubisha. Wakatoka pamoja, mrefu na mfupi, mama ameshika mkono wa mtoto kama anayemvusha barabara. Kiti walikiacha kwenye tundu la tisa, watakishusha wakirudi.